Leza, Kisukari na Barabara ya Kemondo

Tiba ya kuunguza retina kwa mwanga ilitokana na jua lenyewe. Lilipopatwa Julai 1945, baadhi ya waliolitazama kwa macho matupu walipata makovu ndani ya jicho. Daktari Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath aliona kwamba moto uliodhuru ungeweza pia kuponya, akaanza kutibu retina kwa mwanga wa jua ulioelekezwa kwa vioo. Katika miaka ya 1950 taa ya gesi ya zenoni ilichukua nafasi ya jua. Theodore Maiman alitengeneza leza ya kwanza Marekani mwaka 1960, na mwaka 1968 Francis L'Esperance akatumia leza ya agoni kutibu macho ya wagonjwa wa kisukari.

Kisukari huvujisha na kuziba mishipa midogo ya retina. Retina inayokosa hewa huotesha mishipa mipya, dhaifu, ambayo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Hakuna maumivu, na mtu huweza kuona vizuri hadi siku damu inapomwagika. Utafiti mkubwa ulioanza Marekani mwaka 1971 ulithibitisha mwaka 1976 kwamba leza hupunguza hatari ya upofu unaotokana na hali hii kwa zaidi ya nusu.

Lakini leza hulipisha. Vidoa vya moto, mara nyingi zaidi ya 1,000 kwa jicho moja, huunguza pembezoni mwa retina ili sehemu ya katikati, inayosoma na kutambua sura, ibaki. Kinachopungua ni uoni wa pembeni na wa gizani, yaani ule ule anaoutegemea dereva kumwona mtoto anayetokea kando ya njia, au mwendesha baiskeli asiye na taa. Ndiyo maana Uingereza humtaka dereva aliyetibiwa macho yote mawili aijulishe mamlaka ya leseni, na uwanja wake wa kuona usipungue nyuzi 120 kwa upana. Kusoma herufi ukutani pekee hakufichui upungufu huo.

Kwa Kemondo, jambo hili ni la riziki. Bandari hii ya Ziwa Victoria, kusini mwa mji wa Bukoba, ilijulikana kwa meli na vivuko vya mabehewa ya reli. Leo abiria, ndizi na kahawa hupita pia kwa barabara kuelekea Muleba, na baadhi ya safari hufanyika usiku. Dereva anayehofia leseni yake huahirisha kupima macho, na kuahirisha ndiko kunakopofusha.

Nchini Tanzania, wataalamu wa retina wamekuwa wachache, wengi wao wakiwa mbali na Kagera, mkoa wa Kemondo: katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na ya CCBRT Dar es Salaam. Mkoani Kilimanjaro, mpango wa kupiga picha za retina katika kliniki za kisukari ulianza mwaka 2010, na zaidi ya robo ya waliopimwa walikutwa na athari machoni. Athari zikigunduliwa mapema, kudhibiti sukari na shinikizo la damu huweza kuchelewesha haja ya leza. Kwa uvimbe wa katikati ya retina, sindano za dawa ndani ya jicho, zilizoenea baada ya mwaka 2000, haziunguzi pembezoni, ingawa hurudiwa mara kwa mara, na kila mara ni nauli na siku bila kazi.