Jinai Isiyo na Mshtakiwa: Simba wa Tsavo na Mwigizaji Mwenye Mamlaka

Uhakiki wa filamu za uhalifu na taharuki umezoea kumwona mwelekezi kuwa ndiye mwenye kazi, na mwigizaji kuwa chombo chake. Mtazamo huu hauwezi kukidhi haja pale mwigizaji anapokuwa na sauti katika utengenezaji wenyewe. Katika filamu zilizochota visa vyake Taita Taveta, mfano ulio wazi ni The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996. Mwelekezi alikuwa Stephen Hopkins na mswada uliandikwa na William Goldman. Lakini Michael Douglas alikuwa mtayarishaji mtendaji na wakati huohuo mmoja wa waigizaji wakuu. Makala haya yanadai kuwa mamlaka hayo ya mwigizaji yalichangia kuamua nani awe shujaa, nani awe muuaji, na nani asionekane kabisa. Ili kulipima dai hilo, filamu hii italinganishwa na nyingine ambayo mwigizaji wake aliielekeza mwenyewe.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mwaka 1898, kwenye njia ya reli kutoka Voi kwenda bara, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni waliwashambulia wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la Mto Tsavo. Msimamizi wa ujenzi, John Henry Patterson, alimuua wa kwanza tarehe 9 Disemba na wa pili tarehe 29 Disemba. Katika kitabu chake cha 1907 aliwahesabu Wahindi 28 waliouawa, akaongeza kwamba Waafrika waliokufa walikuwa wengi lakini hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Utafiti wa mwaka 2009, uliopima chembe za kemikali katika mifupa na manyoya ya simba hao, ulikadiria watu wapatao 35. Mjadala wa tarakimu hizi haujafungwa, ila jambo moja halina ubishi: waliokuwa wenyeji wa nchi hiyo ndio hawakuhesabiwa.

Hollywood ilikipenda kisa hiki mapema. Bwana Devil ya Arch Oboler ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya Hali ya Hatari kutangazwa nchini Kenya, na watazamaji wa Los Angeles walivaa miwani maalumu ili simba waonekane wakiwarukia vitini. Tsavo yake ilikuwa California. Ile ya 1996 nayo ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya ya shingoni, kwani simba wa sinema sharti afanane na simba wa nembo.

Kimuundo, The Ghost and the Darkness ni hadithi ya upelelezi. Kuna maiti, kuna nyayo, kuna mtego unaoshindwa, kisha anakuja mjuzi kutoka mbali. Mjuzi huyo ni Remington, mwindaji Mmarekani ambaye hakuwahi kuwapo Tsavo; ni mhusika wa kubuni, na ndiye aliyechezwa na Douglas. Goldman alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba mhusika huyu alikusudiwa abaki fumbo, na kwamba kumpa historia ya huzuni kulimharibu. Hoja hiyo ni ya kifani, lakini athari yake ni ya kimaudhui pia. Kila dakika anayopewa Remington kusimulia vita vilivyomtia ukiwa kwao Marekani ni dakika isiyopatikana kwa kibarua. Tarehe 1 Disemba 1898 wafanyakazi walilala relini, wakalisimamisha gari moshi na kukimbilia pwani. Kazi ikasimama kwa takriban wiki tatu. Hilo lilikuwa tukio la kisiasa. Katika filamu linageuzwa kuwa hofu ya umati.

Upelelezi huo hauulizi sababu. Sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe na wanyama pori katika miaka ya 1890; misafara ilikuwa imepita hapo kwa miaka mingi ikiacha maiti njiani; na simba wa kwanza alikuwa na chonge lililovunjika na jipu kwenye mzizi wake. Haya yote ni ushahidi wa mazingira na wa historia. Filamu inauweka kando na kuchagua ushetani.

Kosa kubwa zaidi limo katika onyesho la pango. Patterson aliandika kwamba alikuta pango lenye mifupa ya binadamu na bangili za shaba za aina waliyovaa wenyeji, akahukumu kuwa ni maskani ya simba. Filamu inalijaza pango hilo mifupa hadi linakuwa ghala la muuaji. Lakini Wataita walikuwa na desturi ya kuyafukua mafuvu ya wazee wao na kuyahifadhi mapangoni, yakitunzwa na ukoo. Pango lililopatikana tena mwaka 1997 na watafiti wa Field Museum na wenzao wa Kenya liliibua swali kama halikuwa mahali pa maziko. Ikiwa ndivyo, kilele cha kutisha cha filamu hii kimejengwa juu ya makaburi ya watu, na bangili zilizopaswa kumzindua mpelelezi zimesomwa kinyume.

Mambo yalikwenda vingine kwa Clint Eastwood, mwigizaji aliyeanza uelekezi kwa filamu ya taharuki, Play Misty for Me (1971). Katika White Hunter Black Heart (1990), iliyopigwa Zimbabwe, alijielekeza mwenyewe katika nafasi ya mtengeneza filamu anayetamani kumuua tembo. Tamaa hiyo inasababisha kifo cha Kivu, kiongozi wake Mwafrika, na ngoma za kijiji zinatangaza hukumu. Filamu ina dosari zake, kwani Kivu hapewi maneno mengi, lakini mwenye mamlaka amejiweka kizimbani. Douglas alijipa nafasi ya shujaa.

Kwa upande wake, The Ghost and the Darkness inamwachia Mwafrika usimulizi. Samuel, aliyechezwa na John Kani, anafungua filamu kwa kumhakikishia mtazamaji kwamba kisa ni cha kweli. Sauti yake inaazimwa kuthibitisha kuwapo kwa Remington. Kuhusu wafu wa kwao ambao hawakuandikwa, haulizwi neno.