Kikundi Kwanza, Mfadhili Baadaye

Ni vigumu leo kupita katika mitaa ya miji yetu usikute kikundi. Huyu ni wa usafi wa mazingira, yule ni wa kulea yatima, wale ni vijana wa kuzoa taka, na hawa ni akina mama wa kushona na kusuka. Katiba wanayo, muhuri wanao, mwenyekiti, katibu na mweka hazina wamechaguliwa. Ukikaa nao dakika tano, swali litakuwa moja tu: tumpate wapi mfadhili?

Swali hilo si la aibu. Mtaa hauwezi kujenga mfereji kwa nguvu za dua. Lakini tukirudi nyuma katika historia ya nchi yetu tutaona kwamba vikundi vilivyodumu vilianza na swali jingine, nalo ni hili: sisi wenyewe tunaweza kushika nini?

Watu wa pwani na miji hawakufundishwa kujikusanya na mashirika ya nje. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 vilikuwako vyama vya ngoma ya beni, ambavyo baadaye vilienea kutoka pwani hadi bara kwa majina ya Marini na Arinoti. Mtazamaji wa haraka aliona gwaride na mavazi ya kifahari tu. Aliyekuwa ndani alijua kwamba vyama hivyo vilikuwa na vyeo, michango na nidhamu, na kwamba mwanachama akifika mji mgeni alipokewa, akiugua alitazamwa, akifa alizikwa. Upatu nao umekuwako miaka mingi bila ya ruzuku ya mtu yeyote. Anayekula upatu akakimbia anajulikana, na aibu yake humfuata hadi kwenye harusi ya mtoto wake. Huo ndio ukaguzi wa hesabu wa kwanza tulioujua.

Mwaka 1929 makarani, walimu na watu wengine wa mjini waliunda African Association mjini Dar es Salaam, nao hawakungoja fedha za kigeni. Chama kile kilikuja kuwa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 kikazaa TANU. Ukweli huo tunausoma shuleni kama habari za siasa. Ni habari za uendeshaji wa chama pia: waliokuwamo walijua kuitisha kikao, kuandika muhtasari, kukusanya ada na kutoa stakabadhi.

Serikali ya kikoloni iliuona upande huo vizuri. Kwa mkono mmoja ilikuwa na vituo vya ustawi wa jamii, kama jengo la Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, lililotokana na msaada wa mfanyabiashara Mgiriki. Kwa mkono wa pili ilileta Sheria ya Vyama ya mwaka 1954, iliyompa msajili uwezo wa kukubali chama, kukikataa au kukifuta. Bendera ilibadilika mwaka 1961, sheria ile haikubadilika. Ndiyo hiyohiyo iliyotumika mwaka 1997 kulifuta Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA.

Kuanzia mwaka wa Uhuru tulipata jambo moja kubwa, nalo ni mafunzo. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961, Chuo cha Ushirika Moshi kikafuata mwaka 1963, na kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vikaanzishwa vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo vilifika zaidi ya 50. Mtu wa kawaida, asiye na cheti cha sekondari, aliweza kujifunza useremala, kilimo au kuweka hesabu.

Lakini katika miaka ileile nafasi ya vikundi kujiendesha ilizidi kuwa finyu. Huko Ruvuma wanavijiji wa Litowa na wenzao walikuwa wamejenga umoja wa vijiji wenye shule yao na miradi yao, na walipata misaada ya nje bila ya kuwa watumwa wa msaada huo. Mwaka 1969 TANU iliuvunja. Mwaka 1972 serikali za mitaa ziliondolewa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, hata ikabidi ije sheria mpya mwaka 1982 kuvirudisha. Tuliwafundisha watu kuendesha vyama, kisha tukawanyang'anya vyama vya kuendesha.

Halmashauri za miji zilirudi mwaka 1978, lakini zilirudi dhaifu. Kufikia miaka ya 1980 Jiji la Dar es Salaam lilishindwa hata kuzoa taka. Hapo ndipo historia ya vikundi vya mitaa kama tunavyovijua leo inapoanzia, nayo inaanzia kwenye jalala.

Taka za jiji zilikuwa zikimwagwa Tabata, na moshi wake ulikuwa ukiingia majumbani. Wakazi hawakuandika barua kwa mfadhili. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kulishitaki Jiji, na Jaji Lugakingira akaamuru umwagaji ule ukome. Jiji likaomba muda, likaomba tena, hadi mwaka 1991 jaji alipokataa kuongeza na kukumbusha kwamba Katiba inalinda haki ya kuishi. Taka zikahamishiwa Vingunguti, na hilo likawa tatizo la watu wengine. Lakini wakazi wa Tabata walikwisha kujifunza kusimama pamoja, na kutokana na mshikamano huo wakaanzisha mfuko wao wa maendeleo.

Kisa cha pili ni cha Hanna Nassif, Kinondoni, mtaa usiopimwa unaopakana na bonde la Msimbazi. Mvua zikinyesha maji yaliingia ndani ya nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi waliunda chama chao cha maendeleo. Wakaja Shirika la Kazi Duniani, UNDP na Ford Foundation, pamoja na wataalamu wa Chuo cha Ardhi. Jambo la kutazama hapa si ukubwa wa fedha. Chama cha wakazi kilifundishwa kuingia mkataba na kuusimamia, wakazi wakachimba mifereji na kutengeneza barabara wenyewe kwa ujira, wanawake kwa wanaume. Mafunzo na fedha vilikwenda pamoja, na vyote viwili vilikuta watu ambao tayari walikuwa na shida moja na chama kimoja.

Mambo hayakubaki hivyo kila mahali. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 serikali ilipunguza matumizi, wafadhili wakaelekeza fedha nyingi zaidi kwenye mashirika yasiyo ya serikali, na mashirika yakaota kama uyoga. Hapo likazaliwa shirika la mfukoni: mtu mmoja, mkoba mmoja, akaunti moja. Mafunzo nayo yakaharibika. Semina ikawa ni posho na chai ya saa nne, washiriki wakawa walewale, na cheti kikatundikwa ukutani bila ya daftari la fedha kufunguliwa.

Kosa hilo tusiwatupie wananchi peke yao. Mlango wa ruzuku ulijengwa kwa karatasi, na karatasi yenyewe kwa Kiingereza. Kikundi cha mama lishe wanaojua kwa majina kila mgonjwa wa mtaa wao kilishindwa kujaza fomu, na kijana mwenye kompyuta mjini kati, asiyemjua mgonjwa hata mmoja, akaijaza kwa usiku mmoja. Fedha zikamfuata mwandishi, zikamwacha mtendaji.

Zipo hatua zilizochukuliwa. Mwaka 1992 ulianza mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, unaotoa fedha kwa vikundi vya wananchi moja kwa moja. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na mwanzoni mwa miaka hiyo ikaanza Foundation for Civil Society, iliyotoa ruzuku pamoja na mafunzo ya kuzisimamia. Kanuni za mwaka 2018 zikaongeza masharti, likiwemo la kupeleka kwa Msajili mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Mwaka huohuo wa 2018 sheria ikazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro zake, ukarejeshwa mwaka 2024. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana: fedha hizo ni mkopo. Hazina riba, lakini hurudishwa. Kikundi kinachopokea mkopo kwa moyo wa ruzuku kimekwisha kujichimbia kaburi.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID, lililoundwa mwaka 1961, likafikia mwisho wake. Mwezi Februari Uingereza nayo ilitangaza kupunguza misaada yake. Maamuzi hayo hayakupigiwa kura Manzese wala Mbagala, lakini wafanyakazi wa huduma za UKIMWI waliokosa mishahara walikuwa wa kwetu. Mtegemea cha nduguye, wahenga walisema, hufa maskini.

Je, tuseme vikundi visitafute tena msaada? La hasha. Vitafute, lakini vitafute vikiwa vimesimama. Kikundi kianze na michango yake, hata ikiwa shilingi mia tano kwa wiki. Kiwe na daftari ambalo mwanachama yeyote anaweza kulifungua, stakabadhi kwa kila senti, akaunti yenye sahihi zaidi ya moja, na mihtasari ya vikao inayosomwa mbele ya watu. Kimwone afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye analipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kiulize chuo cha maendeleo ya wananchi kilicho jirani kinafundisha nini. Mafunzo yatangulie fedha, kwa sababu fedha zikitangulia mafunzo huleta ugomvi, na ugomvi huua kikundi kabla mradi haujaanza.

Nao wanaotoa fedha, wa ndani na wa nje, wana wajibu wao. Wapokee maombi kwa Kiswahili. Waende mtaani kabla ya kusaini, wawaulize majirani. Wamlipe mwalimu wa hesabu kwa mwaka mzima badala ya kulipia ukumbi wa hoteli kwa siku tatu.

Wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani kabla hawajawa na mfuko, na wa Hanna Nassif walikuwa na chama kabla mfereji haujachimbwa. Mfadhili anaweza kuondoka kwa barua ya ukurasa mmoja, lakini mtaa unabaki palepale, na mvua ya masika itakuja mwakani kama kawaida yake.