Uzito Hupimwa na Nani?

Kuna vyombo vya mazoezi vinavyosifiwa leo kwa sababu moja kubwa: uzito wake haugandi. Mtu anashika mpini, anavuta, na mashine inapima nguvu aliyoitoa kisha inamkinza kwa kiasi hicho hicho. Akichoka, inalegea kabla kano hazijaumia. Akipata nguvu, inakaza. Wanaoviuza husema ni uvumbuzi wa karne hii, na kwa upande wa mota na kompyuta zilizomo ndani yake wanasema kweli. Lakini swali ambalo vyombo hivyo vinajibu ni la kale: uzito unaowekwa juu ya mwili upimwe na nani, anayeubeba au mtu aliye mbali naye? Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za mkoa wa Lindi zisizotajwa kabisa panapozungumzwa historia ya mazoezi, zina ushahidi mwingi juu ya swali hilo kuliko jimu yoyote ya mjini. Hoja yangu ni kwamba katika nchi ile usalama wa mzigo ulitegemea zaidi ya yote uwezo wa mbebaji kuupunguza, na kwamba kila uwezo huo uliponyang'anywa, kitu kilivunjika, uwe mgongo wa mtu au chuma.

Tuanze uani, kwenye kinu. Mchi wa mtu mzima ni gogo refu la mti mgumu, lililochongwa likawa jembamba pale mikono inaposhika. Mtoto wa kike hatupiwi mchi huo siku ya kwanza. Hupewa mfupi, au hukaribishwa kutwanga kwa kupokezana na mkubwa wake, michi miwili katika kinu kimoja, na mkono ukilegea hujitoa bila kazi kusimama. Hata mchi mmoja una uzito wa namna nyingi ndani yake, kwa kuwa anayetwanga ndiye anayeamua auinue hadi wapi: juu ya kichwa nafaka inapokuwa bado ngumu, usawa wa kifua inapoanza kulainika. Mwili unatoa nguvu, nafaka inajibu, na mtwangaji anabadili pigo kwa kusikiliza mlio. Jembe nalo lina desturi yake. Mpini hukatwa kwa kimo cha mlimaji, na bapa lililolika kwa misimu kadhaa hupewa mtoto, kwa sababu limekuwa jepesi. Maji huchotwa kwa kopo kwanza, kisha ndoo ndogo, na ile ya lita 20 huja mwisho, juu ya ngata, shingo ikiwa imekwisha kuzoea. Hakuna aliyeliita jambo hili mafunzo. Hata hivyo hatua zake ndizo zile ambazo mwalimu yeyote wa mazoezi ya nguvu angezipanga: anza chini, ongeza kidogo kidogo, acha unapochoka.

Mwaka 1917 nchi hii iliingiliwa na kipimo cha namna nyingine. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimesukumwa hadi kusini. Tarehe 19 Julai Waingereza waliokuwa wakishuka kutoka Kilwa walipigana na Wajerumani Narung'ombe, katika Ruangwa ya leo, mahali palipogombewa kwa sababu palikuwa na maji. Oktoba waliichukua Ruponda, upande wa Nachingwea, na katikati ya mwezi huo huo yakafuata mapigano ya Mahiwa kwenye njia ya Lindi, ambayo ni miongoni mwa yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita vyote vya Afrika Mashariki. Majeshi yote mawili yalitembea juu ya vichwa vya watu. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, magari yalikwama, na kilichobaki kilikuwa pagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha kilo 25 hadi 30, uliofungwa tayari na kuhesabiwa kwa mahitaji ya jeshi. Mtu mwenye afya na chakula anaweza kubeba uzito huo. Ila mzigo haukupungua posho ilipopungua, wala mbebaji alipoharisha, wala mvua iliponyesha usiku kucha. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa walizidi 40,000 kwa hesabu rasmi, na wapo wanahistoria wanaokadiria zaidi ya mara mbili ya hapo. Wengi waliuawa na maradhi na utapiamlo, si risasi. Jina la jeshi lao la wabebaji, Carrier Corps, ndilo lililobaki Dar es Salaam kama Kariakoo na Nairobi kama Kariokor, sokoni, mahali ambapo watu bado wanabeba.

Mtu anaweza kusema kilichowaua ni kuhara na njaa, na kwamba kilo 30 hazina hatia. Ni kweli kwamba kilo 30 zilikuwa zilezile mwanzo wa safari na mwisho wake. Hapo ndipo kosa lilipo. Mwili wa pagazi wa Oktoba haukuwa mwili wa Machi, na chombo kisichojua tofauti hiyo ni chombo cha hatari hata kama namba yake inaonekana ya wastani kwenye daftari.

Vita Vikuu vya Pili vilileta somo kutoka pande mbili, karibu kwa wakati mmoja. Huko Chicago, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme alikuwa akitibu askari walioumia magoti na mapaja. Desturi ya hospitali ilikuwa kuwapa vitu vyepesi wavirudie mara nyingi. Yeye alimtafutia kila mgonjwa uzito ambao angeweza kuuinua mara kumi tu, asiweze ya kumi na moja, na nguvu ikiongezeka uzito ukaongezwa. Makala yake ilitoka mwaka 1945. Mwaka 1948, pamoja na Arthur Watkins, aliipanga njia hiyo vizuri zaidi: kumi kwa nusu ya uzito huo, kumi kwa robo tatu, kumi kwa uzito wote. Karibu vyuma vyote vya mazoezi vilivyofuata vina deni kwa wazo lile, kwamba goti la mgonjwa ndilo linalotoa kipimo.

Upande wa pili ni Nachingwea yenyewe. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipa serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga kwa mashine, ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula. Ujumbe wa John Wakefield ulizunguka kwa wiki chache, kisha ukaandika mpango wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Hamsini na tano kati ya hayo yangekuwa jimbo la kusini, na Nachingwea ndiyo ingekuwa moyo wake. Matrekta yalikosekana, kwa hiyo kiwanda cha Vickers kiligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya mashine mbili ili ing'oe miti. Kongwa, mradi ulikoanzia mwaka 1947, udongo uligeuka saruji wakati wa kiangazi na mchanga wake ukayala majembe ya chuma. Kusini ilijengwa reli kutoka Mkwaya hadi Nachingwea iliyofika mwaka 1949, na bandari mpya Mtwara. Mapema 1951 mradi mkubwa ulifutwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Reli yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sababu za anguko hilo ni nyingi, na asiyezitaja angepotosha: mvua zisizotabirika, vipuri vilivyokosekana, haraka ya kisiasa, bandari zilizoelemewa. Tena shamba si msuli. Lakini ukitazama mpango wa Wakefield, namba ya ekari 30,000 inakuja kabla ya ardhi. Shamba moja na lingine, Kongwa au Nachingwea, mfinyanzi au kichanga, yote yalipewa mzigo sawa, na mashine zilizoletwa hazikuwa na njia ya kulegeza pale ardhi ilipokaza. Mwenye jembe la mkono hungoja mvua ya kwanza ilainishe udongo, au huhamia upande wa bondeni. Hiyo ni teknolojia, na inastahili jina hilo kuliko kifaru kilichobadilishwa kazi.

Kuanzia 1965 Nachingwea hiyo hiyo ikawa kambi kuu ya mafunzo ya Frelimo, chama kilichoanza vita vya ukombozi wa Msumbiji tarehe 25 Septemba 1964. Farm 17, jina la eneo la kambi hiyo lililobaki kutoka enzi ya karanga, lilipata maana mpya. Samora Machel alifundisha hapo, wakufunzi wa Kichina walifika, na mwaka 1967 kundi la kwanza la wasichana wa Msumbiji likaanza mafunzo ya kijeshi. Hapa hoja yangu inakutana na pingamizi zito kuliko yote, maana jeshi ni mahali ambapo wote huamshwa saa ile ile, hukimbia mwendo mmoja na hubeba silaha moja. Kama kipimo kimoja kwa wote huvunja watu, kwa nini Nachingwea ilitoa wapiganaji waliotembea mpaka uhuru wa 1975? Nadhani jibu liko kwenye haja ya mpimaji. Wapagazi wa 1917 waliendelea kukusanywa vijijini. Aliyeanguka, nafasi yake ilijazwa. Frelimo ilikuwa na watu wachache, na kila mmoja alihitajika upande wa pili wa Ruvuma akiwa mzima. Kiongozi wa namna hiyo ana sababu ya kupandisha mazoezi kwa hatua, kwa kuwa mguu uliovunjika kambini ni hasara yake pia. Kwa hiyo narekebisha hoja yangu kidogo: kipimo kinaweza kutolewa na mwingine na bado kikawa salama, mradi hasara ya mbebaji iwe hasara ya mpimaji.

Pingamizi jingine linatoka kwa wanawake, na lazima lisikilizwe. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi mno kuusifu mchi kwa kalamu. Kinu hakikuwa hiari. Msichana alitwanga kila siku, awe mgonjwa au mjamzito, na ndoo haikumngoja apumzike. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikuyu nchini Kenya, ulioonyesha kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada wakitembea. Matokeo hayo yalisifiwa sana. Uchunguzi wa baadaye huko Afrika Kusini haukuukuta unafuu huo kwa wabebaji wote, na ulitaja maumivu ya shingo. Mimi naona tafiti zote mbili zinasema kweli. Ustadi upo, na unaumiza pale idadi ya safari inapoamuliwa na umbali wa kisima. Mtoto alipewa mchi mfupi, lakini mama yake hakupewa siku ya kupumzika. Desturi ilijua kupima uzito na ikashindwa kupima wingi wa siku, na katika hilo ratiba ya DeLorme, yenye mapumziko yake, imeizidi mbali.

Imeizidi pia kwa wale ambao uani hakukuwa na mchi wao: mzee aliyepooza upande mmoja, aliyekatwa mguu, kijana aliyeanguka kutoka mkorosho. Hao walitolewa kazini kwa huruma, na huruma hiyo ikawadhoofisha zaidi. Chombo kinachoanza na nguvu ya kidole kimoja na kupanda taratibu ni ukombozi kwao, na sioni sababu ya kukibeza kwa jina la mila.

Mizani ya leo inasema wazi inamlinda nani. Sheria ya vipimo imepiga marufuku lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wakulima wa ufuta wa Ruangwa na wa korosho wa Nachingwea walistahili ulinzi huo, kwani lumbesa ni wizi. Lakini pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa kikomo cha kulengwa kwa mwanamume mzima anayebeba mara kwa mara. Gunia halali, basi, linaweza kukaribia mara mbili ya kikomo hicho, na kuli wa ghalani hulipwa kwa hesabu ya magunia. Mezani palijadiliwa bei. Mgongo haukuwa na mjumbe.

Ruangwa sasa ina timu, Namungo, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, na vijana wanaotaka miili ya wachezaji hunyanyua makopo yaliyojazwa zege kwenye ncha mbili za bomba. Zege haipungui. Likishaganda kopo la kilo 20, ni kilo 20 kwa mwenye miaka 14 na kwa kaka yake, asubuhi na jioni, homa au uzima. Kando yake huonekana chombo cha bei ndogo zaidi kisichopewa heshima: mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa na kufungwa kwenye nguzo. Ukisogea nyuma hatua moja, unakaza. Ukichoka, unasogea mbele.