Bakuli Lisilotoboka: Nyonga na Kifundo cha Teleocrater

Mto Ruhwa unapoishia, maji yake huingia Rusizi, na Rusizi huyabeba hadi Ziwa Tanganyika. Mtu wa bonde hilo anawajua viumbe wawili ambao mwanapaleontolojia angependa kuwaweka meza moja: mamba wa Rusizi na kuku wa uani. Ni ndugu wa mbali, na hitilafu zao zimeandikwa wazi zaidi kwenye miguu ya nyuma.

Kwenye kifundo cha mamba, kiungo hupita katikati ya mifupa miwili midogo: mmoja hubaki na muundi, wa pili, wa kisigino, huzunguka pamoja na wayo. Kwa kuku mifupa hiyo imeshikamana na muundi, na wayo hukunjika chini yake kama bawaba. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walitumia tofauti hii kama kitambulisho. Kifundo cha kuzunguka kilikipeleka kisukuku upande wa mamba. Cha bawaba, upande wa dinosaria na ndege.

Bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, liliuharibu utaratibu huo.

Mwaka 1933 mwanapaleontolojia F. Rex Parrington alikusanya huko mifupa ya mtambaazi mwembamba wa enzi ya Triasi. Mwanapaleontolojia mwingine, Alan Charig, aliichambua katika tasnifu yake ya uzamivu, Cambridge, mwaka 1956, akampa jina Teleocrater, kwa Kigiriki bakuli kamili. Bakuli ni kikombe cha nyonga kinachopokea kichwa cha mfupa wa paja. Kwake kikombe hicho hakikutoboka; kwa dinosaria kina tundu. Mguu ukisimama wima chini ya mwili, uzito hukandamiza ukingo wa juu, na ukuta wa ndani hauna kazi kubwa. Mnyama anayetanua mapaja kama mjusi huhitaji ukuta huo, kwa kuwa paja husukuma kuelekea ndani. Mwaka 1972 Charig alichapisha makala juu ya mageuzi ya nyonga na mguu wa nyuma kwa hoja za namna hii hii, mamba akiwekwa katikati ya safari ya kutoka mapaja yaliyotanuka hadi mguu uliosimama wima.

Hata hivyo, Teleocrater wake hakuwa na mifupa ya kifundo. Bila kifundo, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni wa ukoo upi. Charig alifariki mwaka 1997, jina likiwa bado halijachapishwa rasmi.

Mwaka 2015 mifupa zaidi ya Teleocrater ilipatikana katika bonde hilohilo, na mwaka 2017 mwanapaleontolojia Sterling Nesbitt na wenzake walimtangaza rasmi katika jarida la Nature. Alikuwa mla nyama wa miguu minne, urefu wa mita 2 hadi 3, aliyeishi miaka milioni 245 hivi iliyopita. Kifundo chake ni cha mamba. Ukoo wake ni wa ndege.

Kumbe kifundo cha kuzunguka kilikuwa urithi wa babu wa pande zote mbili, nao upande wa ndege ukaja kuuacha baadaye. Kosa la zamani halikuwa kulinganisha mifupa, bali kuuamini mfupa mmoja. Nyonga nayo hudanganya: mamba wa leo ana upenyo kwenye kikombe chake, ingawa si dinosaria, na ukoo wake uliupata kwa njia yake wenyewe. Mwili haubadiliki wote kwa siku moja. Paja huweza kutangulia, kisigino kikabaki nyuma.

Ndiyo maana jirani wa Teleocrater, Nyasasaurus parringtoni, angali anazozaniwa. Alipotangazwa rasmi ilipendekezwa kuwa huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote. Lakini kilichopatikana ni mfupa wa mkono wa juu na pingili za mgongo, zikiwemo tatu zinazobeba nyonga. Nyonga yenyewe, paja na kifundo havijaonekana.