Kutoka kwa Watawa wa Paris hadi Amri ya Herufi Nne

Kabla ya kompyuta, neno lililojificha vitabuni lilitafutwa kwa macho na vidole. Katika miaka ya 1230 huko Paris, Hugo wa Saint-Cher na watawa wenzake Wadominikani waliipitia Biblia ya Kilatini neno baada ya neno, wakiandika kila moja linapatikana wapi. Inasimuliwa kwamba watawa wapatao 500 waliishika kazi hiyo.

Karne saba baadaye shida ileile ilibisha hodi katika maabara za Bell, New Jersey. Mwanahisabati Stephen Kleene alikuwa amebuni, miaka ya 1950, namna ya kueleza ruwaza za herufi kwa alama chache. Mwaka 1968 Ken Thompson wa maabara hizo alichapisha njia ya kuifanya kompyuta izitafute, na ruwaza hizo akazitia katika kihariri chake, ed. Ndipo mwenzake, Lee McMahon, alipotaka kuzichunguza insha 85 za Kimarekani ziitwazo Federalist, za 1787 na 1788, ambazo mwandishi wa baadhi yake alibishaniwa. Insha hizo zikaielemea ed. Thompson akaichomoa sehemu ya kutafuta, ikawa programu inayojitegemea: husoma mstari, huamua, husonga mbele. Jina lake, grep, ni amri ya ed, g/re/p: pita kote, tafuta ruwaza, chapisha. Ilitoka na toleo la nne la mfumo endeshi wa Unix, 1973. Hunigusa sana kwamba chombo hiki kilisukumwa na swali la wasomaji: nani aliyaandika haya?

Folda ndani ya folda Unix ilizirithi kutoka Multics, mfumo uliotangulia, lakini grep haikujua kuzishukia. Watu waliitanguliza amri nyingine, find, iokote majina ya mafaili, kisha grep iyafungue. Miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, grep ya mradi wa GNU ikapewa chaguo la -r, ikawa inashuka yenyewe. Ripgrep ya Andrew Gallant, 2016, ikazidisha kasi.

Kwa Kiswahili faida ni kubwa mno, kwani kitenzi chetu hubadilika mbele na nyuma. Ikiwa folda yako inaitwa miswada, andika:

grep -r 'som[aei]' miswada

“Alisoma”, “hawasomi” na “tusome” yatajitokeza, kila moja katika mstari wake pamoja na jina la faili lilimotoka, hata likiwa folda ya tano chini. “Msomi” naye atakuja. “Kimesomwa” kitakuponyoka, mpaka uongeze w ndani ya mabano. Ewe mhariri, ewe mfasiri mwenye miswada ya miaka kumi, ijaribu leo.