Vifaru wa Garamba walijulikana mmoja mmoja, na bado tuliwapoteza

Siku hizi kila mkutano juu ya wanyama wa pori unarudia neno moja: teknolojia. Droni, kamera, kola za GPS, satelaiti. Na sisi wenye kumaliza masomo ndio wa kwanza kupiga makofi, juu tunapenda mashine. Mimi nilisoma agronomia. GPS ya mkononi ndiyo niliyojifunza nayo kupima shamba, kwa hiyo siwezi kudharau vyombo. Lakini iko historia moja ya kwetu Kongo ambayo kila mwenye kutaka kupeleka chombo kipya katika parke angepaswa kuijua kwanza. Ni historia ya Garamba.

Sisi wa Kivu tumezoea kusikia Virunga, parke ya tangu 1925. Garamba iko mbali, kaskazini-mashariki kabisa, Haut-Uele, kwenye mpaka na Sudan Kusini. Ilianzishwa mwaka 1938. Ni nchi ya majani marefu, mengine yanapita kichwa cha mtu, pamoja na mito na miti michache. Humo waliishi vifaru weupe wa kaskazini. Kufikia 1960 walikadiriwa kupita 1,000. Vita vya uasi vya miaka ya 1960 viliwapunguza sana, halafu wakapanda tena, wakakaribia 500 katikati ya miaka ya 1970. Kisha ujangili ukarudi kwa nguvu. Mwaka 1984 walihesabiwa 15 tu.

Hapo kazi kubwa ilianza. Serikali ya wakati ule, ya Zaire, pamoja na mashirika ya nje, ilituma watu, gari, redio na ndege ndogo. Watafiti walijifunza kutambua kila kifaru kwa umbo la pembe, kwa mikunjo ya ngozi juu ya pua, na kwa alama za masikio. Kila mmoja alipewa jina na karatasi yake. Baadhi yao walitiwa redio ndogo ndani ya pembe ili wafuatwe. Kwa wakati ule, hiyo ilikuwa teknolojia ya juu kabisa. Na ilisaidia: kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 walikuwa karibu 30. Maana yake idadi iliongezeka mara mbili, na vita vyote viwili vya nchi yetu havikuwamaliza.

Halafu, kuanzia 2003, wakati sisi tulikuwa tunasema vita vimekwisha, wakaja majangili wenye farasi na punda kutoka upande wa Sudan. Walijua njia, walikuwa na silaha nyingi, na walinzi walikuwa wachache. Ndege iliruka, ikahesabu, ripoti zikaandikwa. Mwanzo wa 2005 kulikuwa mpango wa kuhamisha vifaru watano kwenda Kenya ili wasiishe. Jambo hilo likageuka ubishi wa kisiasa Kinshasa: wengine waliona kama mali ya taifa inaibiwa. Mpango ukaanguka. Mwezi wa nane mwaka ule ule walionekana wanne tu. Miaka michache baadaye hakuna tena aliyeonekana Garamba.

Tuangalie vizuri jambo hili. Wanyama hawa hawakupotea kwa sababu hatukuwajua. Labda hakuna wanyama wa pori waliojulikana vizuri Kongo nzima kuwapita wao. Walipotea juu habari ilifika, lakini mkono haukufika. Sisi maagronome tunalijua jambo hili shambani: unaweza kupima udongo, ukachora ramani nzuri ya rangi tano, na bado mama mwenye shamba akavuna kidogo kama mwaka jana, kama hakuna mbolea wala njia ya kuifikisha kwake. Kupima si kulima.

Sasa tuone kilichobadilika. Mwaka 2005, ICCN, taasisi yetu ya kulinda viumbe, ilifanya mkataba na shirika la African Parks ili waendeshe Garamba pamoja. Haikuwa rahisi. Mwanzo wa Januari 2009 waasi wa LRA walishambulia makao ya parke kule Nagero, wakaua watu na kuchoma vitu. Machi 2012, tembo 22 walikutwa wamekufa, wengi wana alama ya risasi kwenye utosi, na ushahidi ulionyesha kwamba walipigwa kutoka juu, labda kutoka helikopta. Basi tusifikiri kwamba teknolojia iko upande wa mlinzi peke yake. Jangili naye anaipenda.

Tembo wa Garamba, waliopita 20,000 katika miaka ya 1970, walibaki chini ya 2,000. Hapo ndipo kola za GPS zilianza kuleta faida ya kweli. Kola inafungwa shingoni mwa tembo. Inapokea ishara za satelaiti, inajua mahali tembo alipo, halafu inatuma habari hiyo mpaka kwenye chumba cha uangalizi. Mle ndani, kila tembo mwenye kola ni nukta kwenye ramani. Nukta ikisimama mahali pamoja kupita kawaida, labda tembo ameumia au ameuawa. Kundi likikimbia ghafla usiku, labda kuna mtu anawafukuza. Twiga wa Garamba, ambao hawapatikani mahali pengine popote Kongo na ni wachache sana, nao wengine wamewekewa vyombo vya namna hiyo.

Walinzi pia wanaandika. Katika parke nyingi leo hawarudi tena na daftari lililolowa mvua. Wanabonyeza katika simu: mtego hapa, ganda la risasi pale, nyayo, mzoga. Programu kama SMART inaweka yote kwenye ramani, na mkubwa wa doria anaona upande ambao hakuna aliyepita tangu wiki tatu. Na pembe zikikamatwa bandarini, maabara inaweza kulinganisha ADN yake na ile ya mavi ya tembo yaliyokusanywa sehemu nyingi za Afrika, ikasema tembo yule aliuawa upande gani. Hapo polisi wanaacha kumfuata mbebaji mmoja mmoja, wanaanza kutafuta mtandao wa wafanyabiashara.

Lakini tofauti kubwa na mwaka 2003 ni kitu kingine: nukta ikisimama, leo kuna helikopta, kuna walinzi waliofundishwa, wanaopata mshahara, wenye mkubwa anayejibu redio. Ndiyo maana ujangili wa tembo Garamba ulishuka sana baada ya 2016. Na gharama yake ni damu. Oktoba 2015, walinzi watatu na mwanajeshi mmoja waliuawa Garamba wakiwa kazini. Kola ndiyo iliyowaongoza mpaka mahali pale, kumfuata tembo. Waliobaki na msiba ni watoto na wajane.

Mwezi wa sita 2023, vifaru weupe 16 waliletwa Garamba kutoka Afrika Kusini. Ni wa aina ya kusini, si wale wa zamani. Wale wa kaskazini wamebaki wawili tu duniani, mama na binti, Najin na Fatu, wanaoishi Ol Pejeta, Kenya. Wataalamu wanatumia mayai ya Fatu kuunda viinitete maabara. Tunatafuta kwa sindano na barafu kile ambacho mwaka 2005 kingeweza kupanda ndege.

Kwa wenzangu mnaotafuta mada ya memwari, kazi iko. Kola inayoonyesha tembo kwa mlinzi inaweza pia kumwonya mkulima kabla tembo hajaingia kwenye mahindi. Nani ataandika ujumbe huo kwa lugha ya kijiji? Nani atapima hasara ya shamba lile na kuiweka kwenye ramani ile ile yenye nukta za tembo? Mkulima ambaye hasara yake haiko popote hana sababu ya kutoa habari akiona wageni wenye bunduki wanapita. Na bila habari yake, chumba cha uangalizi kinaona tembo peke yao. Hakimwoni mwenye kuja kuwaua.