Uzi wa Besi: Banjo Ilitoka Wapi, na Ala Zetu Zinakwenda Wapi?

Ndugu wana-Lushoto, mlioko nyumbani na mnaoishi mbali, kila mwaka kijitabu hiki hutupa habari za maji, mabati na madawati. Mwaka huu naomba ukurasa mmoja kwa ajili ya ala ya muziki iitwayo banjo, na hasa uzi wake mnene, uzi wa besi. Mtaona mwishoni unahusiana vipi na mchango wetu.

Wengi tunaijua banjo kama ala ya Wazungu wa Marekani, lakini asili yake ni Afrika. Huko Senegambia, Wajola hadi leo wanapiga akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu na nyuzi tatu, mmoja wao mfupi unaopigwa kwa kidole gumba. Watu wa Afrika Magharibi waliouzwa utumwani hawakuvuka bahari na mizigo, ila ujuzi ulibaki kichwani na vidoleni. Daktari Hans Sloane aliziona ala za jamii hiyo huko Jamaica miaka ya 1680, akachapisha picha yake mwaka 1707. Mwishoni mwa karne hiyo ya 18, picha iliyochorwa South Carolina inaonyesha watumwa wakicheza ngoma, na mmoja wao anapiga banjo ya kibuyu yenye nyuzi nne: tatu ndefu na mmoja mfupi.

Kisha akaja Joel Walker Sweeney wa Virginia, Mzungu aliyezaliwa mwaka 1810 na kujifunza banjo kwa watu weusi. Aliipiga majukwaani na mwaka 1843 akaifikisha Uingereza. Banjo ya zama zake ilikuwa na nyuzi tano. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba yeye ndiye aliyebuni ule uzi mfupi. Lakini ile picha ya South Carolina ina uzi mfupi, nayo ilichorwa kabla hajazaliwa. Ukilinganisha banjo ya nyuzi nne na ile ya tano, kilichoongezeka ni uzi mrefu mnene, yaani besi. Baadaye mafundi wa Uingereza waliongeza besi nyingine, hata zikapatikana banjo za nyuzi saba.

Hebu tuitazame hesabu hiyo. Waliounda ala nzima hawakuandikwa majina. Mtu mmoja, ambaye huenda aliongeza uzi mmoja tu, akasifiwa kwa uzi ambao hakuubuni.

Haja ya besi hata sisi tunaijua. Nyuzi nyembamba huimba, lakini pasipo sauti nene wimbo hauna mahali pa kukanyaga. Pwani walikuwa na gambusi, nayo ina uso wa ngozi. Unguja, wapigaji wa kidumbak walipokosa besi ya dukani walichukua sanduku la chai, wakalifunga fimbo na uzi mmoja, na likaitwa sanduku hadi leo. Vijana wetu nao hutengeneza magitaa kwa galoni, mbao na waya za breki za baiskeli. Huo ni ufundi uleule wa kutumia kilichopo.

Tofauti iko kwenye kumbukumbu. Habari za Mbegha, za Vuga na za Kimweri tunazisoma leo kwa sababu Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja kule Mazinde, alikaa chini akaandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Bila kalamu yake tungebaki na maandishi ya wageni kama Krapf, aliyefika Vuga mwaka 1848 na kuondoka. Watawala walipata mwandishi wao. Mafundi wa ngoma na zeze bado wanamngoja wa kwao, na wazee hao hawatungoji. Kila tunapokwenda kuzika, tunazika pia namna ya kuwamba ngozi, namna ya kukaza uzi na majina ya sehemu za ala kwa Kisambaa.

Ndiyo maana naunga mkono pendekezo la kuweka kando sehemu ndogo ya mchango wa mwaka huu kwa kazi tatu: kurekodi wazee wakipiga na kueleza, kununua ala kutoka kwa mafundi waliopo, na kuwalipa wafundishe vijana shuleni. Gharama yake haifikii ya paa la darasa moja. Paa likichelewa mwaka mmoja, tutalijenga mwaka unaofuata. Mzee akiondoka na ufundi wake, hakuna bajeti ya kumrudisha.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Banjo ilipotea hivyo mikononi mwa wenyewe. Ukijaza fomu yako ya ahadi, andika kiasi chako, na chini yake andika jina la fundi mmoja unayemjua kijijini kwenu. Vyote viwili tunavihitaji.